Ukurasa wa Kwanza wa Mama Futi

Watu wakiitaja methali ya kinyozi huishia nusu. Husema kinyozi hajinyoi, wakacheka, wakaendelea na mambo yao, kana kwamba wahenga walikusudia kumkejeli tu mtu mwenye wembe mkononi na msitu kichwani. Nusu ya pili huiacha, nayo ndiyo yenye makali: akijinyoa hujikata. Maana yake ni kwamba ujuzi unaoufanyia kazi mwili wa mwenzio waweza usikufae kitu juu ya mwili wako mwenyewe, kwa sababu mkono wako haufiki kisogoni, na jicho lako halitaki kuona. Asiyeamini na asikilize yaliyomfika fundi mmoja wa sidiria.

Fundi huyo aliitwa Mama Futi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika, maana hakuna aliyepata kumwona bila ile futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Alikuwa mjane wa makamo, mnene kiasi, mwenye ulimi mkali na mikono miepesi. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la vyombo. Palikuwa na vyerehani viwili dirishani, kimoja chake na kimoja cha mdogo wake wa kike wa tumbo moja, ambaye kazi yake ilikuwa kutia kulabu na kumalizia mishono. Pembeni lilining'inia pazia la kijani, na nyuma yake kioo kirefu chenye ufa. Huko wanawake walivua blauzi zao na aibu zao pamoja.

Wengi waliokuja walikuwa wamevaa saizi isiyo yao kwa miaka, na Mama Futi hakuwaonea haya. Mmoja aliambiwa kwamba mikanda imemchimba mabega kana kwamba amezaliwa na ndoo mbili mkononi. Mwingine aliambiwa kwamba mkanda wa mgongoni ukipanda mpaka karibu na shingo, hiyo si sidiria tena, ni kola. Wakishacheka, aliwafundisha kujipima nyumbani: simama wima, toa pumzi, zungusha futi chini ya matiti, kisha izungushe tena pale yalipojaa, bila kuyabana. Na kila mara alimalizia kwa onyo lile lile, kwamba mtu asijipime peke yake. Ukipeleka mkono mgongoni futi hupanda, namba ikadanganya. Mwite dada yako, mwite shoga yako, mwite hata mume kama ana akili.

Alikuwa na jambo lake moja ambalo mafundi wengine hawakulifanya. Wao huzungusha futi mara moja, wakaridhika. Yeye baada ya hapo alipima kila upande mbali mbali, kutoka mfupa wa katikati ya kifua mpaka uti wa mgongo, kulia na kushoto, akaziandika namba zote mbili katika daftari nene, kila mwanamke na ukurasa wake, kila ajapo. Akiulizwa sababu, alisema matiti ni wake wenza: hata wakigawiwa sawa, mmoja lazima anone zaidi. Kazi yake ilikuwa kujua anayenona ananona kwa kasi gani.

Daftari hilo ndilo lililomwokoa Mwalimu. Huyu alikuwa mteja wa miaka mingi, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyefundisha hesabu katika shule ya jirani. Siku moja Mama Futi alimpima upande wa kushoto, akatazama daftari, akapima tena. Upande ule ulikuwa umeongezeka sentimita mbili kwa miezi mitano, na wa kulia haukusogea hata kidogo. Hakugusa chaki wala mkasi. Alimwambia avae blauzi yake aende hospitali siku ile ile, na kwamba hatamshonea kitu mpaka aje na karatasi ya daktari. Mwalimu alikasirika, akamwambia yeye ni fundi cherehani, si mganga. Hata hivyo alikwenda, akiwa na hasira zake. Walikuta saratani, wakaliondoa titi zima, na Mwalimu akapona.

Aliporudi, Mama Futi alimshonea sidiria yenye kikombe cha kushoto kilichojazwa pamba na punje za mtama, akakipima mkononi mpaka kikawa na uzito sawa na titi lililobaki, ili Mwalimu asitembee upande. Kwa kazi hiyo ilimbidi aweke kiganja chake juu ya kovu na kukiacha hapo, apate kujua pana bonde la kiasi gani. Mwalimu alilia mbele ya kioo. Mama Futi alimtania kwamba machozi yataotesha mtama. Habari zikaenea, na tangu siku hiyo pazia la kijani halikupumzika.

Sasa nisikilize vizuri. Katika daftari lile, ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa na jina la Mama Futi mwenyewe. Aliliandika siku aliyolinunua, akapiga mstari chini yake, basi. Hapakuwa na namba hata moja. Mdogo wake alikuwa akimwambia mara kwa mara, dada njoo nikupime, ni dakika moja tu. Alijibiwa kwamba mwili wake anaujua kama anavyokijua cherehani chake, hata taa ikizimika. Ukweli ni kwamba aliona haya. Mdogo wake huyo ni yeye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, akamwogesha, akamlisha. Leo asimame mbele yake kifua wazi, mikono juu? Wanawake wa mji mzima walimvulia nguo, naye hakuwa na mtu hata mmoja wa kumvulia.

Alasiri moja ya mvua, mdogo wake alipokuwa ametoka kununua uzi, Mama Futi alihisi titi la kulia limekuwa zito. Alivuta pazia akajipima. Upande wa kulia ulizidi kwa sentimita moja na nusu. Akasema moyoni kwamba futi imepanda mgongoni. Akajipima tena, safari hii akiibana futi kwa pini kwenye fulana, na sasa ikazidi kwa nusu sentimita tu. Zilikuwa namba mbili mbele yake, akachagua iliyompendeza. Hata hiyo hakuiandika.

Tuseme kweli, aliogopa. Lile kovu alikuwa amelishika kwa kiganja chake, na hakuna aliyekijua kikombe cha mtama kwa ndani kuliko yeye. Kwa hofu hiyo akafanya kile ambacho mikono yake ilikuwa imekizoea kwa miaka thelathini: mwili ukibadilika, fundi hurekebisha nguo. Alijishonea sidiria yenye kikombe cha kulia kilichoongezwa kidogo, na cha kushoto akakitia sponji ili kiooni vilingane. Vikalingana. Alijitazama, akashusha pumzi, akafungua pazia akaendelea na wateja.

Baada ya miezi michache ile sidiria ikambana. Akashona ya pili, kisha ya tatu, hata ikafika ya tano, kila mara akijipima mwenyewe nyuma ya pazia, na kila mara sponji ya kushoto ikiongezeka unene. Zile za zamani alizikunja akazitia katika droo ya chini, chini ya vipande vya lesi, maana hakuwa na moyo wa kutupa mshono mzuri. Katika miezi hiyo hiyo aliwapeleka wanawake wengine wawili hospitali kwa ushahidi wa daftari, akiwagombeza kwamba wamechelewa. Jamani, binadamu ana uwezo wa ajabu wa kutojisikia mwenyewe anaposema.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kukataa kupanda. Akawa anatundika nguo kwa mkono wa kushoto. Mdogo wake alipouliza, alisema ni bega la cherehani, kila fundi analo. Mdogo wake alipomsihi waende wakaonane na daktari, aliulizwa tangu lini mkia ukamwongoza ng'ombe. Akanyamaza, akarudi kwenye kulabu zake, na hilo la kunyamaza alikuja kulijutia maisha yake yote.

Siku moja mdogo wake alikuwa akitafuta kulabu ndogo nyeupe, akafungua droo ya chini. Alikuta sidiria nne. Alizitandaza juu ya meza ya kukatia akaweka kikombe cha kulia juu ya kikombe cha kulia, kwa mpangilio, ndogo mpaka kubwa. Mkanda wa chini ulikuwa ule ule katika zote. Kikombe ndicho kilichokua. Naye alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa na mtu. Alikaa kwenye stuli mpaka Mama Futi alipoingia.

"Dada, hizi za nani?"

"Za mteja," alijibu Mama Futi, huku akigeukia dirishani.

"Mteja gani ambaye namba zake hazimo daftarini?"

 Mama Futi alikaa mbele ya cherehani chake, akaweka mguu kwenye kikanyagio, lakini hakukanyaga. Mdogo wake alimsogelea, akaingiza mkono taratibu kupitia shingo ya gauni. Chini ya kikombe cha sidiria ya tano, aliyokuwa amevaa siku hiyo, alishika kitu kigumu chenye ukubwa wa ngumi, na ngozi iliyoanza kupasuka. Walilia wote wawili, mlango wa chumba ukiwa umefungwa saa tano asubuhi.

Hospitali, daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Baada ya vipimo vyote aliwaita ndani. Mdogo mtu alikuwa amezibeba zile sidiria katika mfuko, akaziweka mezani moja moja, akaeleza kila moja ilishonwa lini, kama dada yake alivyomwambia. Daktari alizipitia moja baada ya nyingine. Kisha akaishika ile ya kwanza, ndogo kuliko zote, iliyoshonwa mwaka mmoja na nusu nyuma.

"Mama, ungeniletea hii," alisema, "leo tungekuwa tunazungumza mengine."

"Nilijipima vibaya," Mama Futi alijibu. "Futi ilipanda mgongoni."

Daktari aliwaeleza bila kuzunguka. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa na mapafu. Hapakuwa na cha kukata wala cha kushona, zilibaki dawa za kutuliza maumivu tu. Mama Futi aliomba arudishiwe sidiria zake, akazikunja vizuri mwenyewe kwa mkono mmoja, akamshukuru daktari, wakatoka. Kwenye ngazi alimwambia mdogo wake kwamba kuna harusi ya mteja wiki ijayo na kulabu bado hazijatiwa.

Wiki chache baadaye alikuwa kitandani, haamki tena. Kidonda hakikuvumilia kubanwa na nguo yoyote, na bila kushikiliwa lile titi lilimvuta kwa maumivu kila alipogeuka. Alitaka sidiria laini ya pamba, ya kufungia mbele, yenye kikombe kipana. Mdogo wake alichukua futi ampime, lakini futi ilimponyoka, ikaanguka mara mbili. Mwalimu, ambaye alikuwa akija kumjulia hali kila jioni akitoka shuleni, aliiokota.

"Nielekeze," alimwambia.

Basi Mama Futi akaelekeza, akiwa ameegemezwa kwenye mito, kwa ile sauti yake ya nyuma ya pazia, ingawa sasa ilimbidi apumue kati ya neno na neno. Toa pumzi. Usibane. Mgongoni ilale sawa. Sasa upande mmoja mmoja. Mwalimu alizisoma namba, mdogo mtu akaziandika. Lilikuwa jambo la muda usiozidi ule wa kutunga uzi kwenye tundu la sindano. Kulia, kushoto, tarehe, kwisha.

Mama Futi alilitazama daftari lililofunguliwa ukurasa wa kwanza, kisha akamtazama Mwalimu, aliyekuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mzima wa afya, akiwa na kikombe chake cha mtama kifuani.

"Kumbe ni jambo dogo hivi," alisema.

 Mwalimu alizungusha futi kidoleni, akaifungua, akaizungusha tena. Mdogo mtu alikwenda kukata kitambaa. Alishona siku ile na siku ya pili yake, na sidiria ilikuwa imebakia kutiwa kulabu tu Mama Futi alipofariki. Iko mpaka leo katika droo ya chini, imeshikwa kwa pini.

Chumba kile cha kazi kilifunguliwa tena, maana watu lazima wale. Futi sasa iko shingoni mwa mdogo mtu. Mwanamke akija na kusema hana haja ya kupimwa, kwamba anajijua, hupelekwa nyuma ya pazia la kijani na kufunguliwa daftari ukurasa wa kwanza. Hapo huona jina, mstari, namba mbili na tarehe moja. Wengine huuliza namba hizo zina maana gani, naye huwajibu kwamba hazina maana yoyote, kwa sababu hakuna za kabla ya hizo za kulinganisha nazo. Kisha huwaambia wainue mikono. Wanawake watatu waliokolewa na kalamu ya Mama Futi wapo mjini, wanatembea wima. Yeye mwenyewe alijishonea mara tano kwa vipimo vya mikono yake, na mara zote tano alijikata. Wahenga hawakukosea: kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.