Fisi Taratibu na Bwawa la Matope

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Pakawa na bwawa, na bwawa lina wenyewe!
— Niwachotee?
— Tuchotee, tumekinga!

Basi hapo kale, katika nchi kavu yenye mawe mengi na miti michache, palikuwa na bwawa moja tu. Bwawa hilo lililindwa na fisi. Babu zao ndio waliomfukuza mamba, na tangu siku hiyo ukoo wao wote ukajiita Walinzi wa Maji. Wanyama wakashukuru. Wakashukuru mwaka ule, wakashukuru na mwaka uliofuata, mpaka shukrani ikageuka desturi, na desturi ikageuka amri.

Amri yenyewe ilikuwa hivi: fisi waoge kwanza, wengine wanywe baadaye.

Kila asubuhi alitangulia mkubwa wao, Fisi Kishindo. Kishindo kaingia, chubwi! Kishindo kajigaragaza, burugu burugu! Kishindo katoka, kajikung'uta, pata pata pata! Wakafuata wenzake, mmoja mmoja: chubwi, burugu burugu, pata pata pata. Wakimaliza, maji yamekuwa uji mweusi unaonuka, na hapo ndipo swala na ngiri na kanga na nyani huitwa: "Haya, karibuni! Maji ni yenu!"

Juu ya jabali lililolitazama bwawa aliishi pimbi mmoja, jina lake Somoe. Pimbi mnamjua. Ni kama sungura aliyenyimwa masikio, mkia hana, nguvu hana, na nyumba yake ni ufa wa jiwe. Somoe alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Kidodo. Kiangazi kile Kidodo alikunywa matope, akaharisha. Akanywa tena, maana kiu haina subira, akaharisha tena. Akakonda mbavu zikatoka nje. Mama yake akawa anamlambisha umande kwenye majani, lakini umande wa kiangazi ni kama ahadi: unauona kwa mbali, ukiufikia haupo.

Hakuwa peke yake. Kila mwenye mtoto alikuwa na kilio chake. Siku moja Kishindo alipotoka majini na kusema "karibuni," hakusogea mtu. Swala wakasimama. Ngiri wakasimama. Kishindo akacheka kile kicheko chao, na hakuna aliyecheka naye. Kanga mmoja akazomea, "Hoo!" Nyika nzima ikaitikia, "Hooooo!"

Fisi wakaogopa. Msidhani fisi haogopi. Anaogopa sana, ndiyo maana hatembei bila wenzake. Wakajifungia pangoni. Huko ndani zikasikika kelele, kukatokea kung'atana, kukawa kimya. Walipotoka, si Kishindo aliyepanda juu ya kichuguu. Alipanda fisi mwembamba mwenye sauti laini, aitwaye Taratibu.

"Ndugu zangu wapenzi," akasema, "tumesikia kilio chenu. Kishindo tumemwondoa. Poleni sana kwa yaliyopita."

Lo! Mngeiona nyika siku ile! Kanga walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Ngiri walicheza, mikia juu kama vijiti. Swala mmoja akalia machozi: "Amesema pole! Tangu nizaliwe sijasikia fisi akisema pole!" Nyani mzee, ambaye hakuna jambo lililowahi kumfurahisha, alijikuna ubavu akasema, "Kata mpya, mtungi ule ule." Wakamfokea, "Wewe nawe! Mpe mwenzio muda, kiti chenyewe hakijapata joto!"

Na Somoe? Somoe naye alipiga vigelegele. Alimbeba Kidodo akamwonyesha kichuguu, akamwambia, "Mwanangu, kesho utakunywa maji."

Kesho ikafika. Somoe akateremka mapema kuliko wote. Akamwona Taratibu anakuja, polepole, anasalimia kulia na kushoto. Taratibu akasema, "Samahanini, nipisheni kidogo." Akaingia, chubwi! Akajigaragaza, burugu burugu! Akatoka, akajikung'uta, pata pata pata! Nyuma yake ukoo wote, na katikati ya ukoo alikuwemo Kishindo mwenyewe, ambaye sasa alikuwa mshauri.

"Karibuni, wapenzi," akasema Taratibu. "Maji ni yenu."

Wanyama wakatazamana. Wakainama, wakanywa. Halafu swala mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayejibembeleza mwenyewe, "Lakini jamani, matope ya leo ni laini kidogo kuliko ya Kishindo." Wengine wakaitikia, "Kweli, ni laini, ni laini."

 Somoe aliona aibu, si kwa ajili ya fisi, bali kwa vile vigelegele vyake vya jana. Akapanda jabalini kwake na kinywa kitupu. Kidodo akamtazama. Hakuuliza, na kule kutouliza kwake kulimchoma mama kuliko kilio.

Alikuwa amekaa hivyo, mchana, aliposikia mtu ananung'unika chini ya jabali. Alikuwa Fisi Bonge, amejilaza kivulini. "Taratibu! Taratibu ana nini nisichokuwa nacho mimi? Kile kiti kilikuwa changu."

Somoe akatega sikio. Akawaza: "Kumbe. Kishindo hakuondolewa kwa ajili ya watoto wetu. Ameondolewa kwa sababu wametuogopa siku moja, na kila mmoja wao ana hamu na kiti kile." Akachungulia ufani, pua tu ikaonekana.

"Shikamoo, mjomba Bonge."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi mnyonge wa mawe. Nina habari, mjomba, ila naogopa kuisema."

"Sema!"

"Wananchi wanasema kiti hiki ni cha muda. Wanasema Kishindo kilichomponza ni yale matope mgongoni. Kila wakimwona fisi aliyelowa, wanamkumbuka yeye, na tumbo linawauma. Anayekuja kukikalia, wanasema, ni fisi mwenye manyoya makavu. Lakini mjomba, usimwambie mtu."

"Simwambii mtu," akasema Bonge, akanyanyuka haraka.

Akapita fisi wa pili. "Shikamoo, mjomba. Nina habari, ila naogopa kuisema." "Sema!" Akamwambia. "Usimwambie mtu." "Simwambii mtu." Akapita wa tatu, vilevile. Jioni akapita Kishindo mwenyewe, kichwa chini, na yeye ndiye aliyesikiliza kwa makini kuliko wote.

Asubuhi Taratibu akaingia majini, chubwi! Akajigaragaza, burugu burugu! Akageuka nyuma. Hakuna aliyemfuata.

"Njooni basi!"

"Nina mafua," akasema Bonge.

"Mguu unaniuma," akasema mwingine.

"Mimi nimefunga," akasema Kishindo.

Taratibu akabaki peke yake majini, na macho yote yanamtazama mgongo.  Akatoka bila kujikung'uta, akaenda moja kwa moja hadi chini ya jabali. Alikuwa amepata harufu ya neno, na fisi hakosei harufu.

"Pimbi," akasema kwa ile sauti laini, "toka nje tuzungumze."

 Somoe akamsukuma Kidodo nyuma kabisa ya ufa.

"Nakusikia hapa hapa, mkubwa."

"Ni wewe unayesema fisi mkavu ndiye atakayekalia kiti changu?"

"Mimi sisemi, mkubwa. Wanasema waliozomea siku ile. Na wanasema fisi huyo mkavu anaweza kuwa wewe. 'Taratibu si Kishindo,' wanasema, 'mtaona, atakauka kabla ya wenzake.' Mimi nikasema sijui. Je, niwaambie nini?"

Taratibu akajitazama. Maji yalimdondoka tumboni, to, to, to. Akageuka, akawaona wenzake wamekaa mstari mmoja, wakavu, wanamsubiri.

"Waambie," akasema, "nimeshakauka."

Tangu hapo fisi hawakuoga. Joto likawachoma, viroboto wakawauma, wakajikuna kraa kraa kraa, lakini nani aanze? Siku moja jua la utosini lilimshinda Taratibu. Akanyemelea bwawani, akanyoosha mguu mmoja. Somoe alimwona kutoka juu, akapiga ukelele wa pimbi unaopasua masikio: "Kweeee!" Fisi wote wakatokea mbio, vichakani na mapangoni.

"Unafanya nini hapo?" akauliza Bonge.

"Naangalia tu," akasema Taratibu, akiurudisha mguu, "kama maji ya wananchi ni safi."

Nayo yalikuwa safi. Matope yalikuwa yametua chini, na mchanga ukaonekana. Somoe alimteremsha Kidodo, akamshika kichwa, mtoto akanywa, akapumzika, akanywa tena. Siku chache baadaye alikuwa akiruka mawe.

Wanyama wakafanya sherehe. Wakaimba, "Taratibu katupa maji! Taratibu baba yetu!" Wale swala wakamwambia nyani, "Unaona? Tulikwambia apewe muda!" Nyani akajikuna ubavu, akaendelea kunywa.

Somoe alifungua kinywa. Kisha akawatazama fisi pale kando, wanajikuna, wanaviziana. Akaona kwamba akilitoa neno, litawafikia na wao, na kesho ni matope. Akafunga kinywa. Akainama akanywa na wenzake, na maji yalikuwa matamu, lakini jicho lake moja lilibaki kwa fisi. Wimbo ulipomfikia, aliuimba.

Wenye masikio mmesikia. Na funzo la ngano hii ni hili: mkubwa akibadilishwa, pigeni vigelegele, mrudi nyumbani mkalale. Maji hujisafisha yenyewe. Na ninyi wadogo, msipende kusemasema.

— Nimwage?
— Mwaga!
Nimemwaga. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu mrudishieni jirani.