Mbwa Aliyeitwa Hayakuhusu

Niseme au ninyamaze?

"Sema, Bibi!"

Sijasikia. Niseme au ninyamaze, nyie wajukuu msiotulia?

"Sema, Bibi, tunakusikiliza!"

Basi menyeni karanga huku mnasikiliza. Na wewe Limi, hizo ni za mbegu, si za tumbo lako. Nakuona.

Zamani hizo, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, kabla ya barabara na kabla ya bati, walikuwapo wanawake wawili hapa hapa Usukumani. Mmoja aliitwa Nkwimba, mwingine aliitwa Holo. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa minyaa, tena ua mfupi. Mtu akipiga chafya huku, anaambiwa afya kule.

Mume wa Nkwimba alikwenda safari, asirudi. Akamwachia mtoto mmoja, Luhende, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota. Nkwimba hakuwa na mwingine duniani. Na Holo, jamani, Holo alikuwa na mdomo. Kila asubuhi kisimani: "Nkwimba, mumeo karudi?" Kesho yake: "Nkwimba, mumeo karudi?" Mbele za watu, mitungi haijajaa. Ungedhani anamsalimia.

Sasa watu wa wakati ule hawakupenda kutukanana waziwazi. Mwenye kinyongo alifuga mbwa. Mnacheka nini? Alifuga mbwa akampa jina, na jina ndilo lilikuwa maneno yake. Nkwimba akapata mbwa mwekundu, akamwita Hayakuhusu. Jioni anasimama karibu na ua, anaita kwa sauti ya kufika mbali: "Hayakuhusu! Hayakuhusu, njoo ule!" Kijiji kizima hoi kwa kicheko. Holo naye hakukubali kushindwa. Akatafuta paka, akamwita Nimenyamaza. Tangu siku hiyo hawakusemeshana tena. Huku anaitwa Hayakuhusu, kule anaitwa Nimenyamaza, na wanyama wenyewe, maskini, hawajui lolote, wanakuja kula.

Kikaja kiangazi. Kiangazi gani? Kiangazi cha kukausha mate mdomoni. Lambo likabaki tope, na mbweha wakaanza kuja karibu na watu kutafuta maji.

Wazee walikuwa na amri zao, na kila mtu alizijua. Masika, mbwa alitolewa kupe kila jioni, maana kupe wa masika humnyonya mbwa mpaka ashindwe kusimama. Kiangazi, mbwa alifungwa uani, akawekewa maji kwenye kigae kivulini, asiende lamboni wanakokunywa mbweha. Na mbwa aliyeng'atwa na mbweha hakuachwa hai. Hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba. Hata kama unampenda. Wazee hawakuwa na sindano, walikuwa na macho tu, kwa hiyo aliyeona alitakiwa aseme.

Nkwimba aliweka maji, nisimsingizie marehemu. Lakini kamba ilikuwa kuukuu. Siku moja ikakatika, na Hayakuhusu akaenda zake lamboni. Holo alikuwa huko anachota maji ya tope. Akamwona mbweha anatoka kwenye majani mchana kweupe, anayumba, hamwogopi mtu. Akamwona anamrukia mbwa, anamng'ata chini ya sikio, kisha anaondoka anayumba vile vile. Hakuna mwingine aliyeona.

Holo akatua mtungi akakimbia. Msemeni Holo mtakavyo, lakini alikimbia, hilo msimnyime. Akafika kwenye ua anahema. "Nkwimba," akasema, kwa shida, maana jina hilo alikuwa hajalitamka siku nyingi. Nkwimba alikuwa anatwanga. Akajua ni yale yale ya mumeo karudi, hakugeuka. Mbwa naye ndiyo kwanza anaingia, ulimi nje. Nkwimba akaita kwa ile sauti yake ya kufika mbali:

"Hayakuhusu! Hayakuhusu, njoo hapa!"

Holo akasimama na neno mdomoni. Alitamke au alimeze? Akalimeza. Paka wake alikuwa anajisugua miguuni pake. Akambeba, akasema, "Nimenyamaza, twende zetu."

Wanangu, hapo ndipo mtoto alipouawa. Mengine yote yalikuwa kungoja.

Maana ugonjwa ule, kichaa cha mbwa, una subira. Jeraha lilipona, manyoya yakaota. Mbwa akala, akacheza, akalala mlangoni na Luhende. Holo akawa anamchungulia kupitia minyaa, anajiambia, labda sikuona vizuri. Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama tena. Ndipo Hayakuhusu akaanza kujificha chini ya ghala. Akaacha chakula. Sauti yake ikakwaruza kama ya mtu aliyekabwa, na mate yakawa yanamtiririka.

Luhende akamhurumia. "Mama, Hayakuhusu ana kiu," akasema, akachukua kigae cha maji akampelekea. Mbwa akamng'ata mkono. Akatoka mbio, akapenya kwenye minyaa, akamng'ata na paka wa Holo.

Wanaume wakaja na mikuki, wakamuua. Mzee Lubasha, mkubwa wa kijiji, akauliza, "Nani alimwona mbwa huyu na mbweha?"



"Mbwa wangu hajapigana na kitu chochote, mzee wangu," akasema Nkwimba. Alikuwa amemfunga mtoto mkono kwa kitambaa.

Holo akatoka kwake amebeba tenga lililofungwa, paka analia ndani. Akaliweka miguuni pa mzee. "Huyu ameng'atwa sasa hivi. Muueni. Na habari ya mbweha, niliona mimi."

Nkwimba akamgeukia. "Uliona. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja, Nkwimba. Ukaniambia hayanihusu."

Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Mkono wa Luhende ulipona, kikabaki kikovu. Nkwimba akaanza tena kuimba akitwanga. Kisha asubuhi moja mtoto akasema kovu linawasha. Homa ikampanda. Mama akamletea maji kwenye kata. Alipoyaona tu, koo likamkaza, akarudi nyuma analia. Mtoto ana kiu, maji yapo, na hawezi kuyanywa. Alimwogopa mama yake kwa sababu ya ile kata. Akafa. Sitawaambia alilala, kwa sababu hakulala. Alikufa vibaya, na mama yake akiwa nje ya mlango, wazee wamemshika asiingie.

Holo alikuja msibani, akakaa mwisho wa mkeka. Nkwimba hakumfukuza wala hakumsemesha. Lakini kijiji kilipopata watoto wa mbwa tena, Nkwimba alichukua mmoja, akasimama pale pale kwenye ua, akaita kwa sauti ile ile: "Semeni! Semeni, njoo ule!" Ndiyo maana mpaka leo mbwa wa hapa kwetu wanaitwa Semeni na Niambie, na wageni wanatucheka. Waacheni wacheke.

Basi. Nyie mna bahati, akili ndiyo sijui. Kesho bwana mifugo anakuja joshoni na sindano za mbwa na paka. Baba yenu anasema Semeni wetu haumwi, kwa hiyo achanjwe ya nini. Anachanjwa mzima! Akishaugua hana sindano. Na uking'atwa au ukikwaruzwa, hata na paka wa nyumbani, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, osha sana, halafu zahanati siku hiyo hiyo. Kovu lisikudanganye. Na ukiona jambo, sema, hata kwa mtu aliyekununia. Sema kwanza, mtanuniana baadaye.

Nimesema. Limi, mbona umeacha kumenya?

"Bibi."

Nini?

"Niseme au ninyamaze?"

Sema, mjukuu wangu.

"Wakati tunang'oa karanga, Semeni alipigana na mbweha kule korongoni. Nilinyamaza, niliogopa baba atamuua. Leo yuko chini ya ghala. Nimempelekea ugali, hataki."

Amekung'ata?

"Hapana. Amenilamba mikono."

Ilete hapa niione. Yote miwili. Ina mikwaruzo ya maganda, ona. Shija, kimbia kwa bwana mifugo, mwambie leo, si kesho. Wengine ingieni ndani, mfunge mlango, mtu asikaribie ghala. Limi, njoo tuoshe, kisha nakupeleka zahanati mwenyewe. Usilie. Umesema.

Kisa nimekitua hapa, wanangu. Inukeni.