Pua ya Baba Yake

Wapendwa, hebu niwaeleze habari za mpiga picha mmoja.

Huyu bwana alikuwa na studio karibu na stendi, na maharusi walimpenda kwa sababu hakuna aliyetoka mbaya kwenye picha zake. Chunusi alizifuta. Kidevu cha pili alikiondoa. Aliyekuwa mweusi sana alimwagiwa mwanga mpaka mashangazi wakauliza, "Jamani, huyu ndiye bibi harusi wetu?" Wakacheka, wakachukua picha zao, wakaondoka wameridhika. Nani kati yetu hajawahi kuifurahia picha ya namna hiyo?

Alikuwa na binti, tumwite Nakijwa. Mtoto mchangamfu, mwenye pua pana kama ya baba yake. Siku aliyohitimu chuo, baba alimpiga picha akiwa amevaa joho. Kisha, kwa mapenzi, na ninasema kwa mapenzi kweli, akakaa kwenye kompyuta akaitengeneza kama alivyotengeneza za wateja. Akaing'arisha ngozi. Akaipunguza pua. Mkono wake ulishazoea, wala hakufikiri mara mbili. Akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni.

Nakijwa alisimama mbele ya ile picha.

"Umeipenda?" baba akauliza.

"Nzuri, baba," akajibu, akaingia chumbani.

Baba akadhani ni furaha imemzidi. Lakini tangu hapo msichana akawa anafunika pua kwa kiganja kila anapocheka. Baba aliona. Hakuuliza. Binti alipopata kazi mkoa mwingine, hakutuma picha yake hata moja nyumbani.

Likizo moja akarudi amevaa barakoa, akakataa kuivua hata mezani. Mama yake alipombembeleza, akaivua. Alikuwa amepasuliwa pua ili iwe nyembamba. Kidonda kikatunga usaha, akapasuliwa tena, na kilipopona pua ilikuwa imelala upande, hewa inapita kwa shida. Akizungumza kidogo tu, inabidi anyamaze avute pumzi kwa mdomo.

Baba akafoka, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa. "Nani alikwambia wewe ni mbaya? Mwanamume gani? Nitajie jina lake!"

"Hakuna mwanamume, baba. Nilimpelekea daktari picha ile ya sebuleni. Nikamwambia anifanye hivyo."

"Lakini mwanangu, mimi nilikuwa nakupendezesha tu!"

"Ile pua ilikuwa yako, baba. Nilikuwa najivunia kuwa nayo. Ulipoipunguza nikasema, kumbe hata yeye anaionea aibu."

Yule mzee akainuka. Akaishusha picha ukutani, akaenda studio kumtafuta binti yake kama alivyokuwa. Akafungua faili hili na lile. Hakumwona. Siku zote alihifadhi picha zilizotengenezwa. Zile za awali alizifuta.

Ndugu zangu, tukisikia mtu amekwenda kujipasua ili apendeze, tunacheka. Tunasema ameiga, amepotoka, hamshukuru Muumba wake. Lakini sisi je? Yule shangazi aliyesema mbele ya mtoto, "Maskini, huyu hakuchukua rangi ya mama yake," alidhani mtoto hasikii? Sisi tunaowapelekea wadogo zetu mafuta ya kujichubua na kuyaita zawadi? Wewe baba unayemwita binti yako "bonge" mbele ya wageni, halafu unashangaa hali chakula?

Kinachoniuma ni hiki: hatukuwachukia. Tuliwapenda, tukawalisha, tukawasomesha, na katikati ya upendo wote huo tukawaambia kwamba Mungu alikosea alipowaumba. Na wakatuamini, kwa sababu ni sisi tuliosema.

Mwanao amekaa hapo ubavuni mwako asubuhi hii. Mgeukie, mtazame usoni. Kama unadhani Mungu ana deni kwako kwa ajili ya uso ule, basi umekosea hesabu: wewe ndiye unayedaiwa shukrani. Na kama una neno la kumwomba mtoto huyo radhi, usingoje tumalize ibada.