Ndoo ya Njano na Wifi Aliyemwagwa

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mtengenezaji wa batiki. Binti yake alikuwa anaolewa keshoye, na mama amebakiza ndoo moja tu ya rangi ya njano, ya kitambaa cha bibi harusi. Wifi yake akaja kumsaidia. Huku akisimulia habari za mtaa mzima, akamimina mabaki ya buluu ndani ya ndoo ileile.

Watoto mliokaa mbele, njano na buluu hutoa nini? Kijani! Mnajua kuliko wifi.

"Wifi! Ulimi ukienda matembezi, mikono unamwachia nani? Mwanangu aolewe amevaa kisamvu?"

"Nisamehe, wifi yangu."

"Kamwage! Ukishamwaga, pitiliza kwako." Wifi akaiacha ndoo palepale, akaenda zake.

Jirani, mwalimu wa kemia, akasikia kelele. Akaja na kopo la unga mweupe. "Usiimwage. Unga huu una madini yaliyounganishwa yakaacha vyumba vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Vyumba hivyo huvuta buluu, njano huikataa."

"Unga uchague rangi, mwalimu? Mimi mwenye macho nimeshindwa!"

Wakakoroga, wakangoja. Mama akaizunguka ndoo kama kuku anayetaka kutaga. Walipochuja, unga ulibaki juu ya kitambaa cha kuchujia, umekuwa buluu. Chini ikadondoka njano safi, kama kiini cha yai la kienyeji! Mama akapiga vigelegele. Mwalimu akausuuza unga kwa maji ya chumvi, buluu nayo ikatoka, akaikinga kwenye kopo. Hakuna kilichopotea.

"Wifi, njoo uone!" mama akaita. "Mbona haji?"

"Si umemmwaga?" mwalimu akajibu. "Ndoo tumeisubiri. Wifi hatukumsubiri."

Mama akatoka mbio, mikono inachuruzika njano, akagonga mlango wa pili, kwa wifi. "Wifi, kitambaa kina ncha mbili, nani atanishikia?" Wakarudi wameshikana, gauni la wifi lina alama tano za vidole, wanacheka hadi wanapaliwa.

Je, sisi? Mtu akiingiwa na kosa moja, tunasema ameharibika kabisa. Wema wake wa miaka kumi tunaumwaga mtaroni. Mungu angetufanyia hivyo, nani angekuwa amekaa kwenye benchi hili?

Kila mmoja wetu ana wifi aliyemmwaga, na mlango wake anaujua. Tukitoka hapa, twende. Usingoje kunawa mikono kwanza.