Kigoda Kilichohama Jiweni

"Mfuata makofi hukosa masikio." Mmeisikia jana mkutanoni, mkacheka, mkadhani ni maneno ya kizee tu. Leo Tumsifu amekuja sauti imemkauka kwa kushangilia, ananiuliza, "Babu, hiyo methali imetoka wapi?" Kaeni. Imetoka hapa hapa bondeni, na sisi tuliokuwapo tumebaki wachache. Ilianza hivi.

Kabla baba zenu hawajazaliwa, maji ya mfereji yalipita kwenye mlango mmoja wa mbao, na mlango ule ulikuwa na ufunguo. Aliyeushika ndiye aliyeamua nani avune na nani alale njaa. Mwenye shamba la mkonge aliutaka. Sisi wakulima tukaunda Chama cha Mfereji, ili diwani wetu aingie barazani na ufunguo ubaki kwetu. Kilikuwa chama kikubwa hasa. Kuanzia mlimani maji yanakotoka mpaka kule chini yanakoishia, hapakuwa na nyumba isiyokuwa na mtu wake chamani.

Tulikutana kwenye uwanja wa kupuria maharage. Vipaza sauti havikuwapo. Waasisi walichukua kamba, wakapima hatua arobaini kila upande, wakaweka jiwe bapa katikati. Juu ya jiwe kilikaa kigoda, na msemaji alisimama juu yake akisema huku akigeuka polepole, kama mtu anayeota moto mwili mzima, ili kila mmoja aupate uso wake na neno lake.

Mwenyekiti wetu aliitwa Mbonea. Mtu mwema, mwenye kifua cha kusema. Upande wa magharibi tulikaa sisi vijana wa mwisho wa mfereji, ambao maji yalitufikia yakiwa matope. Tulikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa ya haki. Mpaka leo sijaitubia. Mbonea akisema neno kali, tulipiga makofi mpaka vumbi likatimka. Pande nyingine walisikiliza kimya, wakaenda kulipima neno nyumbani.

Siku moja kijana mmoja wa kwetu akapaza sauti, "Sogeza kigoda huku, Mwenyekiti! Huku ndiko kwenye watu!"

Mbonea akacheka, akasogea hatua tatu. Makofi yakazidi. Mkutano uliofuata akasogea tano. Na alivyosogea ndivyo maneno yake yalivyobadilika. Kwanza adui alikuwa mwenye shamba. Kisha akawa msimamizi wake. Mwishowe akawa kila mtu aliyekwenda kukata mkonge kwa kibarua. Hata kugeuka akaacha. Watu wa mashariki wakabaki kutazama mgongo wake.

Huko mashariki alikaa Nakijwa, mama wa watoto wanne, mumewe mkata mkonge. Mkutano wa mwisho kabla ya uchaguzi alisimama, mtoto mgongoni.

"Mwenyekiti, huku hatusikii."

"Mwenye haja ya kusikia asogee, mama."

Tukaangua kicheko. "Mke wa mkonge huyo!" mmoja wetu akapiga kelele. "Nenda kwa msimamizi, yeye utamsikia!"

Nakijwa hakuketi. "Mkonge unanilishia watoto kwa sababu maji hayajanifikia mwaka wa pili sasa. Nilikuja hapa kwa ajili ya maji. Nami nimekaa pale pale mliponipimia kwa kamba yenu. Sikuhama mimi. Kimehama kigoda."

"Basi hama na wewe!"

"Nikihama, na huyu bibi hapa kando yangu, mwenye mguu mbovu, atabebwa na nani? Na ninyi wapiga makofi, mnapigania maji yangu au mnapigania sauti zenu?"

Mbonea aliangalia nyuma. Nilimwona. Jiwe lilikuwa hatua thelathini kutoka aliposimama. Angeweza kurudi. Lakini sisi tukaanza makofi, naye akatugeukia.

Siku ya uchaguzi wa diwani hapakuwa na karatasi. Mtu alijipanga nyuma ya amtakaye: Mbonea upande huu, karani wa shamba la mkonge upande ule. Mstari wetu uliimba, ukacheza. Kwa kelele tulishinda. Kisha wakaanza kuhesabu vichwa. Watu wa mashariki wengi walikuwa wamekaa pembeni juu ya mipini ya majembe yao, hawakujipanga popote. Wengine walisimama nyuma ya karani, macho chini kama watu walio msibani. Nakijwa hakwenda kwa karani. Kwetu pia hakuja.

Mwezi haukuisha, karani akiwa ndiye diwani, ufunguo ukaenda kwa mwenye shamba la mkonge. Maharage ya Nakijwa yalikauka yakiwa na maua. Yetu hayakufika hata huko.

Mbonea alikwenda peke yake uwanjani, akasimama juu ya jiwe, akageuka pande zote. Nakijwa alikuwa akipita na mtungi mtupu.

"Nilidhani bonde zima linapiga makofi," Mbonea akamwambia.

"Mfuata makofi hukosa masikio, baba," akajibu. Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayetoa pole.

Unauliza kama chama kilikufa, Tumsifu? Hakikufa. Kilibaki na jina na wimbo wake. Tulikutana uani kwa Mbonea watu sitini, tukipigiana makofi wenyewe kwa wenyewe. Chama kikubwa hakianguki kwa siku moja. Hukauka kama yale maharage, maua yangali juu.

Msije mkadhani nawaambia muwe vuguvugu. Semeni makali! Lakini yasemeni mkiwa jiweni, na mgeuke.

Yule kijana aliyesema kigoda kisogezwe mnamjua. Ndiye huyu mnayemtazama. Mwaka wa tatu nilikibeba kigoda kwa mikono hii, nikakirudisha jiweni. Tulikuja watu kumi na mmoja. Nikasema, nikageuka. Hakuna aliyepiga kofi hata moja, na kimya kile kilinitisha kuliko askari. Kisha, kutoka mashariki, hatua arobaini, nikasikia sauti ya Nakijwa:

"Sema, mwanangu. Tunasikia."

Ufunguo ulirudi baada ya miaka tisa. Mbonea hakuishi kuuona.

Mfuata makofi hukosa masikio.