Tairi la Nyuma la Mzee Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale palikuwa na nini?

Utatuambia wewe, usituulize sisi!

Haya, sogeeni basi. Aliyekalia mguu wa mwenzake ainuke.

Hapo zamani, wanyama wangali wakiamkiana njiani, aliishi Mzee Pimbi, mdogo wa umbo, mkubwa wa masharubu. Mzee Pimbi alikuwa na pikipiki. Si hizi za siku hizi zinazolia zii-zii kama mbu. La! Ilikuwa ile mashine kubwa ya kizamani, unaikalia umejiegemeza, miguu mbele, mikono juu, mwendo wa asiye na haraka: dugu-dugu, dugu-dugu. Msiniulize miguu yake ilifikaje chini. Mimi nilisimuliwa hivyo, na aliyenisimulia hakuwa mtu wa kuulizwa-ulizwa.

Kiti cha nyuma kilikuwa cha mkewe, Bi Tamima. Kila mwaka baada ya mavuno walipanda, dugu-dugu, wakaenda ukweni, Jabali Jekundu. Njiani wanyama waliacha majembe wakawapungia. Ah, siku zile! Hata vumbi lilikuwa na harufu nzuri.

Kisha Bi Tamima akafariki. Pikipiki ikafunikwa, ikasimama. Matairi yakakauka, yakafanya nyufa, yakawa vipara. Watoto wakasema, "Baba, hicho chuma kinakula nafasi tu. Siku ya gulio wanakuja wanunuzi wa vyuma chakavu. Kama hakitembei, tunakitoa."

Mzee Pimbi ikamuuma sana. Alitaka kufika Jabali Jekundu na mashine ile, angalau mara moja tena. Basi asubuhi akatwaa debe la asali, akalifunga kwenye pikipiki, akaikokota mpaka kwa Fisi.

Fisi ndiye aliyekuwa na matairi, mwitu mzima hakuna mwingine. Mkubwa, mnene, mabavu tele, na tumbo lisilojua neno "basi". Hata shikamoo hakutoa. Alipokea debe kwanza, akatia mkono ndani. Lamba-lamba, lamba-lamba.

"Chagua, mzee wangu, chagua!"

Likaja tairi la kwanza, jeusi, linang'aa. Mzee Pimbi akalibonyeza, akalinusa, akatikisa kichwa. Vidole vyake vikatoka vyeusi.

"Bwana Fisi, tairi hili limepakwa dawa ya viatu."

"Huo ndio usafi, mzee!" Lamba-lamba.

Likaja la pili, jembamba, la vile vipikipiki vya kubebea abiria. Mzee Pimbi akalibonyeza, akalinusa, akatikisa kichwa.

"Bwana Fisi, hili litaibeba mashine yangu?"

"Likijitahidi." Lamba-lamba.

Juu ukutani yalining'inia matairi mawili mapana, mazito, ubavu mgumu, meno yamesimama. Mzee Pimbi akayatazama. Yalikuwa ya aina ileile waliyotumia enzi za Bi Tamima.

"Na yale?"

"Yale ni ya wakubwa. Wewe chukua haya ya chini."

"Basi nirudishie asali yangu."

Fisi akapindua debe. Tupu! Akacheka, "Hi-hi-hiii! Asali imeshaingia tumboni, mzee. Ifuate."

Mzee Pimbi alitamani kulia, na angelia, ila hakutaka kumpa Fisi furaha hiyo. Akapangusa masharubu.

"Haya, mwanangu. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Nifungie hayo ya dawa ya viatu."

Fisi akafungua yale ya zamani, akapachika yale yanayong'aa, akapiga pampu: fuu-fuu-fuu. Alipomaliza, Mzee Pimbi akawasha mashine, ikakohoa, ikaitika: dugu-dugu.

"Panda twende," akasema.

"Twende wapi?"

"Ukweni kwangu, Jabali Jekundu. Mkwe haendi ukweni peke yake, mila yetu hairuhusu. Lazima awe na msemaji, mtu mzito wa kumtolea salamu. Na mwitu huu nani mzito kama wewe?"

"Mimi nina kazi, mzee."

"Pole na kazi. Nasikia wamechinja, na msemaji ndiye anayeandaliwa wa kwanza. Basi nitamwomba Ngiri."

"Ngiri! Ngiri anajua kusema nini?" Fisi akaruka, tii! juu ya kiti cha nyuma. Mate yalikuwa yameshaanza kumtoka.

Mzee Pimbi akageuza shingo polepole. "Kaa vizuri, mwanangu. Kuna mteremko wa kokoto. Kisha kona kali. Kisha daraja la magogo, na chini yake wanakaa mamba. Uzito wako wote uko kwenye tairi la nyuma. Likipasuka, wa mbele anaanguka. Wa nyuma anaruka."

"Anaruka kwenda wapi?"

"Inategemea mamba wamekaa upande gani."

Fisi akachungulia chini. Akashuka. Akalibonyeza tairi, akalinusa, akatikisa kichwa.

"Mzee, nani amefunga takataka hii?"

"Wewe."

"Ah! Ah, haifai. Usalama kwanza!"

Akapanda ngazi mbio, akayashusha yale mapana, akafungua, akapachika, akapiga pampu, jasho linamtiririka, huku Mzee Pimbi amekaa kivulini anamhimiza: "Kaza na hiyo nati, mwanangu. Kaza na ile." Mzee alikuwa hajapata kuona fundi mwangalifu kiasi kile.

Wakaondoka. Dugu-dugu, mteremko wa kokoto, matairi yakashika. Dugu-dugu, kona kali, yakashika. Dugu-dugu, daraja la magogo, mamba wakafumba vinywa. Mzee Pimbi alifurahi, na alihuzunika papo hapo. Kiti kile hakikuwa cha Fisi. Mara mbili alitaka kugeuka aonyeshe ua porini, akakumbuka nani yuko nyuma.

Jabali Jekundu wakapokewa kwa vigelegele. Msemaji akaketishwa jamvini, akaletewa sinia kubwa limefunikwa kawa. Fisi akafunua. Majani! Majani mabichi, laini, mlima mzima.

"Nyama iko wapi?" akauliza.

"Nyama?" wakashangaa mashemeji. "Pimbi na nyama wapi na wapi, mwanetu? Kula. Msemaji akiacha chakula amewatukana wenyeji."

Na hao mashemeji walikuwa wengi, wamemzunguka pande zote. Fisi akatafuna, mcha-mcha-mcha, machozi yanamlengalenga.

Mzee Pimbi alikuwa bado anafuta vumbi kwenye pikipiki alipomwona mama mkwe wake anakuja mbio, kikongwe yule, fimbo ameiacha nyumbani. Bibi akasimama mbali kidogo, kama mila ilivyotaka, uso ameuelekeza pembeni.

"Niliusikia mlio kule darajani," akasema. "Nikasema, Tamima huyo anakuja. Nikasahau kabisa, baba. Nikakimbia mpaka hapa."

Kwa mila yao mkwe na mama mkwe hawagusani, hata kutazamana hawatazamani. Mzee Pimbi akainamisha kichwa.

"Panda, mama," akasema. "Nikuzungushe."

"Na adabu?"

"Adabu tumemwachia msemaji, anakula."

Kikongwe akacheka, akapanda. Dugu-dugu, wakaanza kulizunguka jabali. Baada ya kitambo bibi akainamia sikio la mkwewe.

"Unajua Tamima alikuwa akiogopa kidude hiki? Njia nzima, kila mwaka. Aliniapisha nisikwambie. Alisema ukijua utaacha kumpandisha."

Mzee Pimbi akapunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka mashine ikawa inatembea kwa hatua za mtu. Masharubu yake yalilowa. Hakuyapangusa.

Siku ya gulio wanunuzi wa vyuma chakavu walifika, wakakuta mahali pa pikipiki pana alama ya mafuta tu. Mzee alikuwa angali kule, anamzungusha mama mkwe. Fisi alirudi kwa miguu, tumbo limejaa majani, anajamba njia nzima.

Ngano yangu imekata pumzi. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni nitaitafuna mwenyewe.

Na funzo lake, wajukuu zangu, msilisahau: msiseme uongo, uongo haumfikishi mtu mbali. Mzee Pimbi ulimfikisha, ni kweli, lakini yeye alikuwa na matairi mazuri.