Bastola ya Mrindoko

Utupu wa bastola aujuaye ni mvaaji.

Ndivyo Bi Nanzia alivyomjibu kijana mmoja aliyepita na jibwa lake akicheka, "Msiogope, huyu hang'ati." Vijana waliokuwa wakichambua maharage pamoja na bibi wakaacha kazi. Bastola na mbwa wapi na wapi? Bi Nanzia akawaambia mikono iendelee, kwani maharage hayajichambui, na masikio yamfuate yeye. Methali hiyo, akasema, ilianza hivi.

Zamani, huku milimani ukungu ulikuwa mzito kuliko wa sasa. Ulishuka asubuhi ukafunika migomba na mapaa, mtu akawa anamsikia jirani akikohoa bila kumwona. Ndani ya ukungu huo alipenda kutembea Mrindoko, askari wa wanyamapori aliyestaafu, na kiunoni alikuwa na bastola.

Ilikuwa bastola ya halali. Alipopewa kibali, mkuu wa kituo cha polisi alimwambia, "Usiifiche chini ya koti, mzee, maana afichaye ana lake jambo. Usiitie risasi. Risasi zikae nyumbani, sandukuni, na kufuli juu. Na usiiache mahali popote peke yake. Ikiokotwa, tutakuja kwako."

Mrindoko akayashika maneno hayo barabara. Aliivaa juu ya koti, kweupe, akaenda nayo kisimani na msibani. Watu wakampisha njia, naye akadhani wanamheshimu. Maskini Mrindoko! Mkewe alikwisha kufa, kazi imekwisha, na kile chuma ndicho pekee kilichobaki cha kumwambia yeye ni nani. Asubuhi nyingine alitembea amefumba macho nusu, mkono juu ya ala, akasikia tembo wakivunja matawi ndani ya ule weupe. Hawakuwepo tembo.

Alibakiwa na binti mmoja, Nakiete, na Nakiete alipendana na Lemayani, mwana wa Mzee Koisenge, mfugaji wa mbugani. Huo haukuwa uchumba wa kawaida. Watu wa milimani na wa mbugani walikuwa wameuana kwa ajili ya maji, hata kaka yake Koisenge alipigwa risasi kisimani. Mwisho walichoka kuzika, wakapatana kwenye soko la Nyasini. Hapo kila aingiaye huchomeka mkuki wake nje ya ua, ncha chini, hung'oa nyasi mbichi na kuingia nazo mkononi. Mwenye nyasi haguswi, wala yeye hagusi mtu.

Ikakubaliwa uchumba ufungwe huko sokoni, mbele ya pande zote mbili. Koisenge angeleta mtamba wa kwanza wa mahari, na Mrindoko angepokea kamba yake kwa mkono wenye nyasi. Binti alihesabu kwamba siku hiyo ndiyo maisha yake, na baba yake alilijua hilo.

Asubuhi yenyewe, ukungu ulikuwa umeshuka hadi sokoni, kule mbugani. Kengele za ng'ombe zilisikika kabla ng'ombe hawajaonekana. Penye lango Mrindoko akasimama. Mkuki huachwa nje, lakini sheria ilimkataza kuiacha bastola, na mila ilimkataza kuingia nayo.

"Baba, rudi nayo nyumbani," Nakiete akamsihi. "Tutakungoja."

"Nipande mlima wote ule kwa ajili ya chuma kitupu? Haina risasi, mwanangu. Isiyo na risasi si silaha, ni sawa na jembe tu."

Akang'oa nyasi, akaingia.

Kimya kikaanza kwa wauza maziwa, kikaenda kwa wauza ndizi, kikafika katikati ya soko kabla yake. Mzee Koisenge alikuwa amesimama pale ameshika kamba ya mtamba mwekundu. Alimtazama Mrindoko usoni, halafu kiunoni, na macho yake yakabaki huko.

"Mzee mwenzangu," akasema polepole, "umekuja kuoza au kuua?"

"Haina kitu!" Mrindoko akacheka kwa aibu. "Haina hata risasi moja. Ngoja nikuonyeshe."

Hapo ndipo alipoharibu. Ili aifungue ile bastola aonyeshe utupu wake, ilimpasa kwanza aichomoe, na ili aichomoe, aliachia nyasi.

Mayowe yakapasuka. Watu wakalala chini, vibuyu vikapinduka, maziwa yakatiririka yakaingia kwenye ukungu, nyeupe juu ya nyeupe. Mrindoko aliyaona yote yakienda taratibu, kama mtu aliye usingizini anayetaka kusema na ulimi haumtii. Bastola ilikuwa wazi mkononi, tundu zake zinapitisha mwanga, wala hakuna aliyezitazama. Akamwona Lemayani akiruka ua na kurudi na mkuki juu. Ndipo hofu ilipomshika. Soko zima lilikuwa likikimbia kitu ambacho hakimo, na yeye angekufa kwa ajili ya kitu hicho hicho.

Nakiete akajitupa katikati. "Lemayani, simama! Haina risasi!"

"Nani kakwambia?" kijana akauliza, mkuki ungali juu.

"Baba."

"Na mimi kaniambia nani, Nakiete?"

Nakiete akamgeukia baba yake huku machozi yakimshuka. "Utupu wake unaujua wewe uliyeivaa, Baba. Sisi wengine tunaona bastola."

Lemayani akateremsha mkuki. Mzee Koisenge akainuka nyuma ya gunia la unga wa mahindi, ndevu zimekuwa nyeupe, akashika kamba ya mtamba wake. "Leo hapa hapana uchumba," akasema, na ukungu ukamfunika yeye na watu wake. Nakiete akainama akaziokota nyasi alizoangusha baba yake. Mrindoko alitamani ardhi ipasuke.

Hakupanda mlima. Alikwenda moja kwa moja kituoni, akamkuta mkuu amekwisha kupata habari.

"Kuibeba ulikuwa na kibali, mzee. Kuichomoa mbele za watu ni kutishia kwa silaha."

"Lakini haikuwa na risasi, afande."

"Aliyelala chini hakuwa na njia ya kujua. Kosa ni hofu uliyowatia."

Mrindoko akaiweka bastola mezani, na kibali, na ufunguo wa sanduku la risasi. "Basi vibaki hapa vyote. Sivihitaji tena." Mkuu akamtazama yule mzee, akaona adhabu alikwisha kujipa mwenyewe, akamruhusu aende.

Siku ya soko iliyofuata akarudi Nyasini pamoja na Nakiete kuomba radhi. Penye lango wanawake wakanyamaza tena. Mrindoko akashangaa, akajitazama. Kwa mazoea alikuwa amevaa mkanda wake, na ile ala tupu ilikuwa ikining'inia pajani. Akaufungua mkanda pamoja na ala, akautundika nje kwenye mikuki. Ila uzee ulikuwa umemkondesha, na suruali ya kaki ikaanza safari ya kushuka. Basi mzee wa watu akaingia sokoni, mkono mmoja nyasi, mkono mwingine suruali.

Muuza maziwa mmoja alijizuia, akashindwa. Kicheko kikaenda njia ile ile kiliyopita kimya, hadi katikati, alikosimama Mzee Koisenge, aliyekwisha kusikia kwamba bastola imebaki kituoni, na mtamba wake mwekundu. Koisenge hakucheka. Alifungua kamba shingoni mwa mtamba, akaizungusha kiunoni mwa Mrindoko, akaikaza fundo.

"Kamba ya mahari hupokewa kwa mkono, mzee mwenzangu. Ila wako naona una shughuli."

Mrindoko akalia mbele za watu, wala hakujali. Mtamba akaenda zake kwa Nakiete, akala nyasi mkononi mwake. Soko likaendelea, na watu wakampita Mrindoko wakimgonga mabega, hakuna aliyempisha. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu amguse.

Bi Nanzia akaishia hapo. Yule kijana wa jibwa alikuwa akirudi, bado anacheka, kamba imelegea. "Bibi, nimekwambia hang'ati!"

"Sikukatalii, mwanangu," bibi akasema, akivuta miguu yake ndani ya kanga. "Wewe unamjua. Sisi tunaona meno. Utupu wa bastola aujuaye ni mvaaji."

Vijana wakamtazama mwenye mbwa. Naye akaacha kucheka, akaivuta kamba, akapita upande wa pili wa njia.